Kipande cha Pili cha Wimbo wa Mize

Paukwa!

Pakawa.

Aa, hiyo ni pakawa ya watu walioshiba wakaanza kusinzia. Nyie mliojibanza huko ukutani, nataka niwasikie na nyie. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tunakwenda. Leo siwaletei sungura wala fisi. Leo nawaletea bibi mmoja, mtu mzima, mwenye hekima zake. Na nawaambia mapema kwamba hadithi yenyewe ina aibu ndani yake. Mwenye kucheka acheke, ila asije akagundua katikati kwamba anajicheka mwenyewe.

Zamani hizo za kale, babu wa babu yangu hajaota hata meno, palikuwa na kijiji kando ya mto. Watu wake walilima mtama na mpunga, na mpunga hauliwi na maganda yake. Hutwangwa. Basi kila asubuhi kijiji kile kilikuwa na sauti moja. Du, du. Du, du. Kinu hiki, kinu kile, ua huu, ua ule. Wanawake wawili kwenye kinu kimoja, mchi huu unapanda, mchi huu unashuka. Na juu ya michi, wimbo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana bila desturi yao hamtaelewa kitu. Mwanamke akishika mchi alikuwa na ruhusa ya kusema. Amseme mume, amseme mama mkwe, amseme hata Jumbe mwenyewe. Aliyesemwa akisikia, anakohoa, koh, koh, anapita zake. Hajibu. Hanuni. Hapeleki shauri barazani. Anaondoka na aibu yake kifuani, na akiwa na akili anajirekebisha kimya kimya, na kesho anasikia wimbo umebadilika. Nyumba nyingi zilipona kwa njia hiyo. Lakini maneno ya kinuni yalikaa kinuni. Hayabebwi kwenda kisimani. Hayabebwi kwenda shambani. Uwanjani mbele ya wageni ndiyo kabisa, ilikuwa mwiko.

Isipokuwa mwenye wimbo atoe ruhusa. Akisema neno moja tu, "Chukua," basi wimbo umetoka, waweza kuimbwa popote.

Katika kijiji hicho aliishi Bibi Mwanatumu. Mrefu, mkavu, meno ya mbele yote yamekwenda, lakini sauti bado nzima. Kazi yake ilikuwa kukusanya nyimbo. Alianza pale alipofiwa na dada yake. Dada yake alikuwa na wimbo wa kubembeleza mtoto ambao hakuna mwingine aliyeujua. Siku ya maziko kitukuu kikalia, kikalia, kikalia, na watu wakabaki wanatazamana. Wimbo wa kukinyamazisha ulikuwa umeshafukiwa udongo. Mwanatumu akaumia sana. Akasema, haupotei mwingine nami nikiwa hai.

Basi akawa anatembea na mchi wake begani, nyumba hata nyumba.

"Hodi."

"Karibu, Bibi."

Haulizi kitu. Anasimama kwenye kinu, anapokezana na mwenye nyumba. Du, du. Du, du. Mpaka mpunga umekuwa mweupe. Hapo ndipo anaposema, "Mjukuu wangu, ule wa mavuno aliokuachia mama yako, nipe." Mwenyewe anaimba. Bibi anaurudia, anasema, "Nikosoe." Mwenyewe anamkosoa, "Hapo umevuta mno, Bibi, fupisha." Anafupisha. Anaurudia tena. Ukikaa sawa, mwenyewe anasema, "Chukua."

Kisha ungemwona anarudi kwake njia nzima midomo inacheza, anaurudia asije akaumwaga. Ukimwamkia anakuinulia mkono tu. Watu walimjua. Walisema, bibi kabeba, msimsemeshe.

Nyimbo zikajaa kichwani mwake. Za mvua, za harusi, za kumwogesha mtoto, za kumzika mtu. Aliyesahau wimbo wa nyanya yake alikwenda kwa Bibi Mwanatumu akarudishiwa. Akaheshimiwa, mpaka Jumbe Kombo akawa anamwachia kiti chake. Na sifa, jamani, ni tamu. Ilianza kumwingia taratibu, naye hakuisikia ikiingia.

Sasa kulikuwa na mke mmoja kijana, jina lake Mize. Aliolewa pale kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Mumewe aliitwa Ngwali, na walikuwa na watoto wadogo. Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Watu walikula uji wa pumba. Ngwali kila jioni alikaa na wanawe, akasukuma bakuli lake mbele yao, akasema, "Kuleni nyinyi, mimi nitavumilia." Majirani wakamsifu. Ni mwanamume wa namna gani huyu, anajinyima kwa ajili ya watoto.

Mnacheka nini? Nimeshasema kitu?

Ngwali alikuwa anakula kwa mama yake. Mama yake alikuwa na nyama ya kukausha, ameificha darini. Ngwali anaingia kule mchana, anakula, anashiba. Kisha anachukua jivu la jikoni anajipaka midomoni, ili mafuta yasing'ae na midomo ionekane imekauka kwa njaa. Ndivyo alivyorudi kwa mkewe.

Mize aliligundua hilo jivu. Hakugombana. Alishika mchi, akaimba.

*Twanga, mchi wangu, twanga,*
*pumba ndiyo kula yetu.*
*Nyama kala kwa mamaye,*
*midomo kapaka jivu,*
*tumdhani mwenzi wetu.*

Imbeni nami. Taratibu, kuna mtu ana aibu hapa. Twanga, mchi wangu, twanga.

Bibi Mwanatumu alipita siku moja, akausikia kwa mbali, miguu ikasimama yenyewe. Maneno hakuyapata, alipata sauti. Sauti ya wimbo ule ilipanda pale usipotegemea na ikashuka pale ulipoingoja. Hakuwahi kusikia kitu kizuri namna ile. Akapiga hodi, Mize akanyamaza na kumkaribisha. Wakatwanga pamoja mpaka mpunga wa watu, ambao Mize aliutwanga ili apewe pumba, ukawa mweupe.

"Mjukuu wangu," Bibi akasema, "ule uliokuwa unaimba nipe."

"Huo hapana, Bibi. Huo ni wa kinuni."

"Utapotea."

"Acha upotee."

"Mize, wimbo mzuri hivi uende kaburini?"

"Uzuri wake unanifaa hapa hapa," Mize akasema. "Nisamehe, Bibi. Huo sikupi."

Bibi Mwanatumu akachukua mchi wake akatoka. Angekwenda moja kwa moja nyumbani kwake, mimi sasa hivi ningekuwa nimelala na nyinyi mmelala. Hakwenda. Kesho yake, kumekucha, alirudi bila mchi. Akazunguka nyuma ya ua wa makuti, akainama, akatega sikio kwenye tundu. Mtu wa umri wake, amejibanza nyuma ya ua wa mjukuu. Hata kulisema naona vibaya.

Mize akaimba. Bibi akaunasa wote, sauti na maneno. Mara akasikia hatua za mtu njiani. Akaona haya kukutwa vile. Akajiinua haraka, akaondoka, na nyuma yake Mize bado anaimba.

Alijiambia, nimeuchukua niutunze tu. Sitauimba. Sote tunajua maneno hayo, tumeshayasema kwa mambo yetu.

Njaa ikapita, mavuno yakaja. Kila baada ya mavuno kijiji kile na kijiji cha ng'ambo vilikutana kushindana kwa nyimbo, mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwao. Anaimba huyu, anajibu yule, na wimbo ulioimbwa haurudiwi. Anayeishiwa ameshindwa. Washindi wanachukua ngoma kubwa, wanakaa nayo mpaka mwaka wa pili. Ngoma hiyo ilikuwa imekaa ng'ambo tangu Jumbe Kombo akiwa kijana, na jambo hilo lilimnyima usingizi.

Uwanja ukajaa. Ng'ambo walikuwa na mwimbaji wao, Shaame, mwanamume mnene mwenye sauti nzito. Shaame akaimba wa mvua. Bibi akajibu wa mvua. Shaame wa harusi, Bibi wa harusi. Jua likapanda, likakaa utosini, likaanza kushuka. Shaame anafuta jasho. Anaimba. Bibi anajibu. Shaame akaimba mmoja ambao ulionekana ndio wa mwisho, maana alikaa chini kabisa, akanyoosha miguu.

Zamu ya Bibi. Bibi akatafuta kichwani. Huu umeimbwa. Huu umeimbwa. Huu nao. Watu wa kwetu wanamtazama. Jumbe Kombo amejiinua nusu kutoka kitini. Ng'ambo wameanza kutabasamu.

Ulikuwepo mmoja.

Bibi Mwanatumu akafumba macho, akauimba. *Twanga, mchi wangu, twanga.* Sauti ikapanda pale usipotegemea. Watu wakaacha kutafuna. *Pumba ndiyo kula yetu.* Wimbo mzuri, mpaka Shaame mwenyewe akatikisa kichwa. *Nyama kala kwa mamaye. Midomo kapaka jivu.*

Na Ngwali alikuwa amekaa mbele. Maskini Ngwali, mkono wake ukaenda wenyewe mdomoni, akajifuta.

Watu wote walimwona. Wakaanza kucheka wa ng'ambo. Kisha wakacheka wa kwetu, maana sasa kila mtu alikumbuka ile midomo mikavu na lile bakuli alilokuwa analisukuma. Ha, ha, ha, uwanja mzima. Mama yake Ngwali akajifunika kanga usoni. Na Mize, aliyekuwa amesimama na wanawake wenzake na mtoto mgongoni, hakujifunika. Alimtazama Bibi tu.

Shaame akasema hana zaidi. Ngoma ikawa yetu. Bum, bum, bum, ikapigwa mpaka nyumbani kwa Jumbe. Siku ile watu wa kwetu walilala wameshinda.

Kesho yake Ngwali akapeleka shauri barazani. Alisimama, sauti yake haikutoka vizuri.

"Wazee wangu, mimi nilikosa. Wimbo ule niliusikia kinuni, mwaka ule ule wa njaa. Nikaona haya, nikaacha. Nyama nikaitoa darini kwa mama, nikawa naileta mlangoni kwangu ndani ya jani la mgomba. Mke wangu anajua. Hatukusemeshana juu yake, lakini tulimaliza. Sasa kwa nini ampe mtu akaimbe uwanjani, mbele ya wageni? Nilimkosea nikajirekebisha, naye kanivua nguo."

Mize akasema, "Sikumpa."

Jumbe Kombo akamgeukia Bibi Mwanatumu. "Bibi, sisi tunakujua. Hujawahi kuimba wimbo usiopewa. Mize alikwambia chukua?"

Bibi Mwanatumu akafungua mdomo. Aliwaona wazee. Aliona kiti alichoachiwa. Aliiona ngoma nyuma ya Jumbe. Akafunga mdomo, akazitazama kucha zake.

"Bibi, sema," Mize akamwambia, polepole.

Bibi akaendelea kutazama kucha. Kama zilikuwa na uchafu, kama hazina, yeye aliendelea kuzitazama. Wazee wakakichukua kimya kile kuwa ndiyo. Wakamwambia Ngwali ana haki. Mize arudi kwao, na watoto, kwa desturi ya wakati ule, wakabaki upande wa baba.

Siku aliyoondoka alipita mbele ya nyumba ya Bibi Mwanatumu. Alikuwa na kifurushi kichwani, mgongoni hana mtoto. Bibi alikuwa kizingitini. Mize angeweza kumtukana, na hakuna ambaye angemlaumu. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

Na yule mwenye nyimbo za kila kitu kichwani alitafuta marahaba, asiipate. Mize akasubiri kidogo, kisha akaenda zake mtoni.

Baada ya hapo kijiji kikawa cha ajabu. Asubuhi ni du, du. Du, du. Basi. Hakuna wimbo. Nani aimbe, ikiwa kuna sikio nyuma ya ua? Mambo ya nyumbani yakakosa pa kusemewa. Waume waliozoea kukohoa na kupita wakasahau kuona haya, na wengine wakazidi. Bibi Mwanatumu akipita na mchi begani, michi inasimama mpaka apite. "Hodi." "Tumeshamaliza, Bibi." Na mpunga anauona kinuni, haujamenyeka hata nusu. Akaanza kutumia njia ya nyuma kwenda kisimani. Aliona aibu ya watu, na ile ya peke yake ndani ya nyumba ikawa mbaya zaidi, maana hapo hana pa kujificha.

Siku moja, akipita hiyo njia yake ya nyuma, alimkuta binti mdogo wa Mize uani kwa mama yake Ngwali. Amekaa chini, ana kifuu cha nazi, ndani ametia mchanga, anautwanga kwa kijiti. Tu, tu, tu. Na anaimba. *Twanga, mchi wangu, twanga.* Alikuwa ameupata kwa watoto wenzake, hajui maana yake. Mama yake Ngwali akatoka ndani mbio, akamzaba kibao.

"Usiimbe uchafu huo hapa."

"Ni wa mama," mtoto akasema, huku analia. "Wamesema ni wa mama."

Bibi Mwanatumu akashika ua kwa mkono. Alianza kazi hii yote ili mtoto asikose wimbo wa mama yake. Sasa yupo mtoto anapigwa kwa kuuimba. Siku hiyo hakwenda kisimani. Aliacha mtungi pale pale, akaenda barazani kama alivyo.

Wazee walikuwa wanazungumza. Jumbe akainuka kumpa kiti. Bibi akakataa, akasimama.

"Wimbo wa Mize niliuiba. Aliniambia sikupi, nikarudi nikasikiliza nyuma ya ua."

Jumbe akamsogelea, akapunguza sauti. "Bibi, wewe ni mzee wetu. Sema alikupa, ukasahau yeye ni mtoto na hakujua afanyalo. Yataisha. Ukisema hivi, ngoma itarudi ng'ambo."

"Irudi."

"Na heshima yako?"

"Kombo, mwanangu, mlinipa heshima kwa sababu sikuiba. Nimeiba. Hiyo mnayoniwekea kiti siyo yangu. Na mbaya kuliko kuiba, mliniuliza nikanyamaza. Mtoto wa watu aliniomba niseme neno moja."

Mzee mmoja akaanza kutazama mkeka, mwingine akatazama fimbo yake. Walijua na wao walivyokuwa na haraka siku ile, kwa kuwa ngoma ilikuwa nzuri. Aibu ikawakalia wote, na Ngwali aliyekuwa pembeni akatoka bila kuaga, akaona haya hata kuvuka mto kumrudia mkewe.

Bibi Mwanatumu akavuka mto na mchi wake. Ng'ambo kule watoto wa njiani walikuwa wanaupiga mluzi ule wimbo wa jivu. Alipita katikati yao. Alifika kwa mama yake Mize, akakuta kinu kiko uani na Mize anatwanga peke yake.

"Hodi."

Hakujibiwa. Akaingia hivyo hivyo, akainua mchi, akangojea mchi wa Mize upande, wake ukashuka. Du, du. Mize hakumtazama. Mpunga ukawa mweupe. Bibi akatoka, akaenda kulala kwa jamaa yake. Kesho yake akaja tena. Hakuomba wimbo. Hakuomba hata msamaha, maana aliona kuomba msamaha nako ni kumwomba Mize kitu kingine. Alitwanga. Mikono yake ya kizee ikatoka malengelenge, akaifunga kitambaa, akatwanga.

Hata asubuhi moja, mchi ukiwa juu, Mize akaimba.

*Bibi ana kapu kubwa,*
*la nyimbo za wenye nyumba.*
*Alipoulizwa nani,*
*akazitazama kucha.*
*Bibi, kucha zasemaje?*

Majirani wakachungulia. Mama yake Mize akatoka jikoni na mwiko mkononi. Bibi Mwanatumu alifanya nini? Alifanya walivyofanya waume wote wa kijiji kile. Akakohoa. Koh, koh. Hakujibu, hakununa. Akaendelea kutwanga, na machozi yanaingia kinuni. Mize akaurudia mara nyingi, mpunga ulishakuwa mweupe zamani.

Kisha Mize akasimamisha mchi.

"Bibi, huo chukua."

"Niuimbe wapi?"

"Pale ulipouimba wangu. Mbele ya watu wale wale."

"Nitauimba. Nikosoe kwanza."

Akauimba. Mize akamkosoa hapo penye kucha, akamwambia alegeze sauti, inauma zaidi ikilegezwa. Akaurudia mpaka ukakaa sawa.

"Na kuna jambo hukulijua," Mize akasema. "Ule wa jivu ulikuwa na kipande cha pili. Nilikitunga lilipoanza kuja lile jani la mgomba mlangoni. Wewe uliondoka kabla. Ungalikaa kinuni nami ukangoja, hata bila kupewa, ungalijua mume wangu si mtu wa kuchekwa. Ulibeba nusu, ukaenda kutangaza nusu."

Hilo ndilo lililomkata Bibi kuliko wimbo wenyewe. Yeye aliyejisifu kwamba hapotezi neno. Hakusema, "Nipe hicho cha pili." Tamaa ilimjia, sitawadanganya, ilimjia mpaka ulimini. Akaimeza.

Mavuno yakaja tena, na mwaka ule mashindano yalikuwa ng'ambo. Kijiji chetu kikaenda kizima, na ngoma wameibeba. Shaame akasimama ili aanze. Bibi Mwanatumu akamwomba ampishe.

Akasimama katikati ya uwanja. Akauimba wimbo wa kucha, sauti ameilegeza. Watu wakadhani ni mzaha wa bibi fulani, wakacheka. Alipomaliza akasema, "Bibi huyo ni mimi. Wimbo tulioshindia mwaka jana niliuiba kwa Mize baada ya kunikatalia. Nilipoulizwa nikanyamaza, akaachishwa wanawe kwa kosa langu. Na niliuimba nusu. Una kipande cha pili, mimi sina. Ngoma hii hapa, chukueni."

Wale waliocheka sasa hawakujua waweke wapi meno yao. Kisha Shaame akaanza kuurudia wimbo wa kucha, kwa ile sauti yake nzito, na watu wakapokea, wa ng'ambo na wa kwetu, *Bibi, kucha zasemaje*, na Bibi Mwanatumu amesimama pale pale katikati, hajafunika uso. Alisimama mpaka walipochoka.

Ngwali akainuka. Mkono mmoja amemshika binti yake, mwingine amembeba mdogo. Kila mtu alimtazama midomo, naye akawaacha watazame. Akamwendea mzee Shaame, akauliza, "Nyumba ya wakwe zangu ni njia ipi siku hizi, hii ya juu au ya chini?" Alikuwa anaijua. Alitaka watu wajue anakokwenda.

Alimkuta Mize kinuni. Watoto wakamkimbilia mama yao, na Ngwali akakaa chini kando ya kinu, mahali ambapo mwanamume hakai. Akasema, "Nimekuja kusikia kilichobaki."

Mize akashika mchi. Akaimba kipande cha pili.

Mnataka niwaimbie? Najua mnataka. Sina. Nyanya yangu hakuwa nacho, wala nyanya yake. Kilikuwa cha kinuni, na mwenyewe hakusema chukua. Tunachojua ni kwamba Mize alivuka mto akarudi na wanawe, na Ngwali alitembea nyuma akiwa amebeba kinu.

Polepole nyimbo zikarudi kwenye nyua. Kwanza ua mmoja, kwa woga. Halafu wa pili. Siku moja Jumbe Kombo akasikia anaimbwa juu ya ile ngoma yake, akakohoa akapita, na watu wakajua kijiji kimepona. Bibi Mwanatumu aliendelea kukusanya, kwa wale waliomkaribisha. Wengine hawakumkaribisha tena mpaka anakufa, na hakuwalaumu.

Ila aliweka sharti. Ukija kwake kujifunza wimbo, uwe wa harusi uwe wa msiba, kwanza anakufundisha wa kucha. Bi harusi anakuja na wenzake, wanacheka, anawafundisha. Mtoto anakuja, anauliza, "Bibi huyo aliyeiba ni nani?" Anasema, "Ni mimi. Imba tena, hujalegeza sauti." Usipoujua huo hakupi mwingine.

Na akipita nyuma ya ua wa Mize asubuhi, akasikia wimbo wa jivu umeanza, alikuwa anakaza mwendo. Mtu mzima yule, miguu mibovu, unamwona anakimbia. Kipande cha kwanza kikikaribia kwisha, anaziba masikio yake kwa mikono miwili, anakwenda hivyo mpaka kisimani. Kipande hicho cha pili ndicho alichokitaka kuliko nyimbo zote alizowahi kukusanya.

Basi wanangu, ukitaka kutunza kilicho cha mwenzio, mwombe. Akikupa, kichukue chote na umwambie akukosoe. Akikukatalia, kiache, hata kama kitakufa naye. Na ukiulizwa ulikipataje, mtazame anayekuuliza.

Mimi nimefika mwisho, yaliyobaki ni ya Mize na kinu chake. Hadithi yangu naiachia hapo.